Kabla ya Kubomoa Shule Kongwe

Mto Mirongo hushuka kutoka kwenye vilima vya mawe, hupita katikati ya Jiji la Mwanza baina ya maduka, masoko na makazi ya watu, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kata yenye jina la mto huo ni ya mjini kabisa. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na shule iliyoko mahali kama hapo haiwezi kusogea hata hatua moja bila kumgusa jirani. Majengo ya shule ya namna hiyo yanapozeeka, huzuka swali ambalo hakuna mzazi, mwalimu wala mtumishi wa umma awezaye kulikwepa: je, yakarabatiwe, au yabomolewe na kujengwa mapya?

Swali hilo si la Mirongo peke yake. Linaulizwa katika mwambao mzima wa Ziwa, kuanzia Musoma hadi Bukoba, na linaulizwa kila mahali nchini penye shule iliyojengwa kabla ya Uhuru kwa ajili ya watoto wa Kiafrika. Ni swali zito kuliko linavyoonekana, na halistahili kujibiwa kwa pupa wala kwa ushabiki.

Wanaotaka majengo ya zamani yabomolewe wana hoja zenye uzito. Mbao za mapaa mengi zimeliwa na mchwa. Yako mapaa ya asibestosi, ambayo vumbi lake limethibitishwa kuwa huleta saratani ya mapafu. Ngazi za kuingilia madarasani zilijengwa pasipo kumfikiria mtoto anayetembelea kiti cha magurudumu. Vyoo vilichimbwa kwa ajili ya wanafunzi wachache wa enzi hizo. Kiwango kilichowekwa na Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja la shule ya msingi, na mwalimu anayefundisha watoto maradufu ya hao hawezi kulaumiwa akitamani kuona ghorofa likisimama mahali pa banda la kale.

Wanaotaka majengo hayo yakarabatiwe nao hawasemi upuuzi. Kuta nene za mawe na matofali ya kuchoma zimestahimili mvua na jua kwa vizazi. Madirisha mapana na varanda ndefu huingiza upepo wa Ziwa bila kuhitaji umeme. Wako waliokwisha kuona jengo jipya likipasuka nyufa kabla rangi yake haijapauka. Zaidi ya hayo, katika madarasa hayo ndimo walimosoma baba na babu zao, na mtu hawezi kuambiwa abomoe mahali alipotoka pasipo kuuliza sababu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini pia kikongwe si lulu kwa sababu ya ukongwe wake tu. Ubaya wa mjadala huu, kama unavyoendeshwa mahali pengi, ni kwamba huanzia kwenye bati na kuishia kwenye saruji. Jambo la msingi halitajwi kabisa, nalo ni hili: shule hizo zilijengwa kwa ajili ya nani, na ni nani hasa aliyezijenga?

Chini ya utawala wa Waingereza, elimu katika Tanganyika iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na mfumo wake. Mwafrika, aliyekuwa ndiye wananchi walio wengi, ndiye aliyepewa haba kupita wote. Mtoto wake alisoma hadi darasa la nne, akakabiliwa na mtihani uliowarudisha wengi nyumbani. Aliyepenya alikutana na mwingine katika darasa la nane. Nchi ilipojitawala Desemba 1961, watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa 490,000, na wengi wao hawakuvuka darasa la nne. Wanafunzi wa sekondari walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Hizo ni hesabu alizozitoa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na kila mwalimu nchini anapaswa kuzijua kwa moyo.

Tofauti hiyo ilionekana hata kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Uhuru unabisha hodi, ilifunguliwa mjini Iringa shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Majengo yake yalikuwa imara kiasi kwamba leo ndimo kilimo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Shule ya Mwafrika, kwa upande wake, ilijengwa kwa kile kilichopatikana: mahali pengine mawe na matofali, mahali pengine miti na udongo.

Na hicho kilichopatikana hakikuwa zawadi kutoka London. Kilitokana na kodi ya kichwa aliyotozwa Mwafrika huyo huyo, na ushuru uliokusanywa na Serikali za Wenyeji kutokana na mazao yake, ambayo katika Usukuma yalikuwa pamba. Kilitokana pia na jasho la wazazi walioitwa kusomba mawe, maji na mchanga ili watoto wao wapate mahali pa kukaa. Kwa hiyo, ingawa sheria iliziita shule za Waafrika kwa nia ya kuwatenga, zilikuwa za Waafrika kwa maana nyingine ambayo mkoloni hakuikusudia: wao ndio walizigharimia, na wao ndio walizitumia kumwondoa.

Mfano uko katika mwambao huu huu wa Ziwa. Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, mwenye umri wa miaka 12 hivi, alitoka Butiama akaenda Musoma, umbali wa kilomita kama 40, kuanza masomo katika shule ya Serikali ya Wenyeji ya Mwisenge. Miongoni mwa walimu wake alikuwa James Irenge. Mwaka 1937 mtoto huyo alikuwa Tabora, na mwaka 1943 alikuwa Makerere. Darasa alilosomea Mwisenge limetunzwa kama kumbukumbu ya Baba wa Taifa, na shule yenyewe imeendelea kufundisha watoto wa wananchi.

Mwisenge imekumbukwa kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, na imestahili. Lakini ni nani aliyeketi katika dawati la jirani? Zipo shule nyingi za aina ya Mwisenge ambazo hazikumtoa Rais. Zilitoa makarani wa mahakama, wauguzi wa zahanati, makatibu wa vyama vya ushirika na walimu wa darasa la kwanza. Hao ndio waliobeba nchi mabegani siku Mwingereza alipofunga virago. Shule zao hazina kibao ukutani, na ndizo zinazozungumziwa leo kwamba zibomolewe.

Tarehe 1 Januari 1962 mifumo mitatu ya elimu iliunganishwa kuwa mmoja, na ubaguzi wa rangi katika shule ukaondolewa kisheria. Mwaka 1974, mjini Musoma, Chama kiliamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Wazazi wakarudia kazi ya baba zao: wakafyatua matofali, wakasomba mawe, wakaezeka. Madarasa yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi wakati huo nayo sasa yamezeeka, na yamo katika orodha ile ile ya yanayosubiri kubomolewa au kukarabatiwa.

Hapa inafaa kutazama walivyofanyiwa watu Weusi wa Marekani, kwa maana walipitia ubaguzi kama huu na wakatokea mlango tofauti. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 1932, katika majimbo ya Kusini, zilijengwa shule karibu 5,000 kwa ajili ya watoto Weusi, katika mpango ulioanzishwa na Booker T. Washington pamoja na tajiri Julius Rosenwald. Michango ya Weusi wenyewe, ambao wengi wao walikuwa wakulima maskini, ilizidi fedha alizotoa tajiri huyo. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Ilikuwa hukumu ya haki. Lakini katika kuitekeleza, mahali pengi iliyofungwa haikuwa shule ya Mzungu, bali ilikuwa shule ya Mweusi. Watoto wake walipelekwa katika shule za wengine, na maelfu ya walimu Weusi wakapoteza kazi.

Tanzania ilitokea mlango mwingine kabisa. Hapa shule ya Mwafrika haikufungwa. Kwa kuwa Waafrika ndio waliokuwa wengi na ndio walioshika hatamu za nchi, shule yao ndiyo iliyogeuka kuwa shule ya taifa zima. Bwiru, iliyokuwa ya Waafrika, ikawa ya Watanzania. Huo ni ushindi usio na mfano mwingi duniani. Lakini ushindi nao una hasara yake. Weusi wa Marekani wanapigania kuzihifadhi shule zao kwa sababu walinyang'anywa. Watanzania wanazisahau za kwao kwa sababu walishinda. Kwa kuwa leo kila shule ni ya Mwafrika, hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na siku ambapo neno hilo lilikuwa ukuta, na kwamba kuna watu waliougeuza ukuta huo kuwa mlango.

Hii ndiyo sababu uamuzi wa kubomoa usichukuliwe kama uamuzi wa fundi peke yake. Na hii pia ndiyo sababu uamuzi wa kuhifadhi usichukuliwe kama wimbo wa wazee peke yao. Iko mifano mitatu ya kufundishia.

Wa kwanza ni wa shule ya Dunbar, mjini Washington, iliyoanzishwa mwaka 1870 kuwapa vijana Weusi elimu ya sekondari. Mwaka 1916 ilipata jengo zuri lililotoa wasomi wengi mashuhuri. Mwaka 1977 jengo hilo lilibomolewa, ijapokuwa wahitimu wake walipinga, na nafasi yake ikachukuliwa na jengo refu la kisasa. Hilo la kisasa halikutimiza hata miaka 40. Mwaka 2013 shule ilihamia katika jengo la tatu, na wasanifu wa jengo hilo la tatu walirudi kutafuta sura na roho ya lile la mwaka 1916 ambalo halikuwapo tena. Watu walilipa mara mbili ili kukaribia kile walichokuwa nacho.

Wa pili ni wa Ihungo, mjini Bukoba, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki wakati wa Waingereza na kuwa ya Serikali baada ya Uhuru. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga Mkoa wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Ihungo na jirani yake Nyakato ziliharibika vibaya, zikafungwa, na baadaye zikajengwa upya. Mbele ya mfano huo, hakuna awezaye kusema kwamba kila ukuta wa kale ubaki ulivyo. Ukuta haujui historia. Ukianguka, humwangukia mtoto wa leo.

Wa tatu ni wa Makerere, ng'ambo ya Ziwa. Jengo kuu la chuo hicho, lililojengwa mwaka 1941, liliungua moto Septemba 2020. Ingekuwa rahisi kuinua mahali pake jengo la vioo la aina inayoonekana kila mji. Waganda waliamua kulijenga tena kwa sura yake ya awali, likiwa na uimara wa kisasa ndani yake, na mwaka 2024 lilifunguliwa upya. Kwa hiyo si kweli kwamba lazima kuchagua kati ya usalama na kumbukumbu. Anayesema hivyo huwa hajafanya hesabu.

Hesabu ndiyo inayokosekana. Kabla ya tofali moja kuondolewa katika shule kongwe yoyote, iwe Mirongo au kwingineko, wananchi wana haki ya kusomewa hesabu tatu hadharani.

Ya kwanza ni hesabu ya mhandisi. Msingi ukoje? Nyufa ni za lipu tu au zimeingia ukutani? Mbao za paa zinabeba au zinabebwa? Jibu la maswali haya halitoki kwa mtu aliyepita shuleni kwa gari na kutazama kwa dirishani. Mara nyingi jengo lililoonekana kuwa limekwisha huwa limeuawa na matengenezo mabaya. Ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa au udongo ukipigwa lipu ngumu ya saruji hufungiwa unyevu ndani, na tangu siku hiyo huanza kuoza kwa siri. Mhandisi atakayesema jengo halifai aseme pia kwa nini, na aandike. Akisema si salama, watoto waondolewe siku hiyo hiyo, na mtu yeyote asiwarudishe humo kwa kisingizio cha historia.

Ya pili ni hesabu ya fedha na ardhi. Mara nyingi hulinganishwa bei ya kukarabati na bei ya kujenga, na mambo huishia hapo. Haiulizwi watoto watasomea wapi kwa muda wote wa ujenzi, wala ghorofa jipya litatunzwa kwa fungu gani baada ya ufunguzi. Na katika mji wenye biashara nyingi iko hatari nyingine ambayo lazima itajwe bila kumung'unya maneno: kiwanja cha shule kikiwa kitupu humezewa mate. Basi iwe ni kanuni kwamba hakuna shule ya mjini itakayobomolewa kabla hati ya kiwanja haijawa mkononi, mipaka haijawekewa mawe, na fedha za kujengea hazijawa tayari zote. Shule iliyobomolewa kwa ahadi ni shule iliyopotea.

Ya tatu ni hesabu ya kumbukumbu, na hii ndiyo ambayo watumishi wengi huipuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine hulindwa pale tu yanapotangazwa rasmi na Waziri. Maana yake ni kwamba shule iliyojengwa kwa jasho la Waafrika wakati wa Waingereza haina kinga yoyote kwa sababu ya umri wake pekee. Kinga yake ni watu wanaoijua. Na watu hao wanapungua kila mwaka.

Shule kongwe ina hazina ambayo haikujengwa kwa matofali. Ina daftari la usajili lenye majina ya watoto, vijiji vyao na kazi za baba zao. Ina kitabu cha matukio ambamo mwalimu mkuu aliandika siku mvua ilipoezua paa, siku njaa ilipopunguza mahudhurio, na siku bendera mpya ilipopandishwa. Vitabu hivyo ndivyo vinavyotupwa kwanza wakati wa kuhamisha ofisi, au huishia kufungia karanga sokoni. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka wajibu wa kutunza kumbukumbu za umma. Daftari la shule ya Serikali ni kumbukumbu ya umma, si takataka ya kabati.

Hesabu hizo tatu zikisomwa wazi katika mkutano wa wazazi, walimu na wazee waliosoma hapo, ugomvi mwingi utajimaliza wenyewe. Itaonekana kwamba mahali pengine madarasa manne yanaweza kuimarishwa na mawili lazima yaondoke. Itaonekana kwamba katika kata iliyobanwa kama Mirongo, kwenda juu kwa ghorofa ndiyo njia ya haki kwa watoto wengi, na kwamba jengo moja la zamani linaweza kubaki upande mmoja likawa maktaba au ofisi ya walimu. Na mahali ambapo yote lazima yaondoke, yaondoke kwa heshima: yapigwe picha, yapimwe, na historia yake iandikwe na kutundikwa katika jengo jipya mahali ambapo kila mtoto ataisoma.

Lakini hata utaratibu huo mzuri hautoshi iwapo chanzo cha maradhi hakitatibiwa. Shule hizi hazikuuawa na uzee. Ziliuawa na kuahirishwa. Bati moja lililotoboka halikubadilishwa, maji yakaingia, boriti ikaoza, dari ikaanguka, na sasa inaitishwa kamati ya kujadili kubomoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hii kila mwalimu huifundisha, na kila ofisi ya Serikali huisahau wakati wa bajeti.

Haiwezi kusemwa kwamba Serikali haikujenga. Kwa fedha za mpango wa kupambana na athari za UVIKO-19, uliozinduliwa mwaka 2021, yalijengwa madarasa 15,000: ya sekondari 12,000, na ya shule shikizi 3,000. Shule kongwe za sekondari zimefanyiwa ukarabati mkubwa uliofufua majina yaliyokuwa yanazama. Baada ya ada kufutwa katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, watoto walifurika, na ujenzi ulikuwa lazima. Lakini jengo jipya lina utepe wa kukatwa na picha ya kupigwa. Bati lililobadilishwa kwa wakati halina mgeni rasmi. Ndiyo maana jengo jipya hupata fungu na bati husubiri.

Chini ya mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Shule yenye watoto 600 kwa kiwango hicho hupata shilingi milioni 6 kwa mwaka, na humo zimo chaki, mitihani, michezo na uendeshaji, pamoja na ukarabati. Kila mtumishi anayejua bei ya bati na mbao anaweza kumaliza hesabu hiyo mwenyewe. Halmashauri zinapaswa kuwa na fungu la matengenezo ya shule lisiloguswa kwa safari wala kwa vikao, na fungu hilo liandikwe katika ubao wa matangazo wa kila shule ili wazazi walione.

Wajibu basi uko kwa kila mmoja mahali alipo. Mwalimu mkuu afunge daftari zake za zamani katika sanduku lisiloingia mchwa, kisha awape wanafunzi wa madarasa ya juu kazi ya kuwauliza babu na bibi zao ni nani aliyesomba mawe ya darasa lao. Hilo ni somo la historia lisilohitaji kitabu cha kununua. Ofisa elimu asipeleke pendekezo la kubomoa lisilo na taarifa ya mhandisi. Mkurugenzi asilipokee. Diwani asilipigie kura kabla mkutano wa wazazi haujafanyika. Na wale waliosoma katika shule hizo wakafanikiwa, wasingoje siku ya kubomoa ndipo waje kulia uwanjani. Waje mapema, na bati mkononi.

Mjadala wa shule kongwe haupaswi kuogopwa wala kuzimwa kwa amri ya ofisi. Wazazi wanaobishana juu ya shule yao ni wazazi wanaoamini kwamba ni yao, na imani hiyo ni mali kubwa kuliko jengo lolote. Mkoloni aliwajengea Waafrika shule bila kuwauliza, na aliwatoza gharama bila kuwahesabia. Itakuwa aibu kubwa iwapo katika nchi huru shule hizo hizo zitabomolewa kwa namna ile ile, bila kuuliza na bila kuhesabu.

Mtoto anayevuka daraja la Mto Mirongo kila asubuhi na daftari zake mkononi anastahili mambo mawili. Anastahili paa lisilomwangukia na darasa asilobanwa humo kama dagaa guniani. Anastahili pia kujua kwamba nafasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, kwamba wako watu walionyimwa elimu kwa sababu ya rangi yao, wakaamua kujijengea, na wakashinda. Anayempa la kwanza na kumnyima la pili amempa jengo. Anayempa yote mawili amempa shule.